Tela na Breki Zake: Habari za Gari Lisilo na Injini

(Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima. Historia.)

Fungueni madaftari yenu, na mwalimu wa darasa aandike ubaoni neno moja tu: TELA. Wengine husema trela. Yote ni sawa, maana neno lenyewe limetoka kwa Waingereza, nalo maana yake ni kitu kinachofuata nyuma.

Tela ni gari, lakini halina injini. Halijui kwenda, wala halijui kusimama. Linakwenda kwa sababu limevutwa, na likisha kwenda halina haja ya kuvutwa tena. Mteremko peke yake watosha. Tazameni jambo hilo vizuri. Watu walijifunza upesi namna ya kuvuta mzigo kwa gari jingine. Kujifunza namna ya kuusimamisha mzigo huo kuliwachukua miaka mingi, na watu wengi walikufa katikati.

Tuanze na chombo mnachokijua. Miji yetu ina mikokoteni. Mtazameni mvuta mkokoteni anayeifahamu kazi yake wakati anapopakiwa magunia ya mchele. Hakubali yarundikwe ovyo. Magunia yakizidi nyuma, mikono ya mkokoteni huinuka juu, naye huning'inia kama nguo iliyoanikwa kwenye kamba. Yakizidi mbele, mikono humwelemea, na mgongo humpinda kabla hajafika sokoni. Basi huyapanga hata mbele kuwe na uzito kidogo tu kupita nyuma. Uzito huo mdogo ausikia mikononi mwake. Huenda hakusoma kitabu hata kimoja, lakini ajua jambo ambalo mafundi wa Ulaya na Marekani walikuja kulipima kwa mizani na kuliandika kwa hesabu. Mtu aliyekaa kwenye usukani wa vani hana bahati hiyo. Uzito uko nyuma yake, hausikii, na pengine atausikia mara ya kwanza gari likiwa limekwisha kuanza kuyumba.

Magari ya kuvutwa ni ya zamani sana. Makaburu wa Afrika ya Kusini walisafiri kwa magari makubwa yaliyovutwa na ng'ombe wengi. Walipovuka milima ya Drakensberg kuteremkia Natal mwaka wa 1837, waliona kwamba ng'ombe wanaweza kulivuta gari, lakini hawawezi kulizuia. Gari lililojaa likiteremka huwasukuma wanyama mbele, likawaangusha, kisha likapita juu yao. Watu wengine waliondoa magurudumu ya nyuma, wakafunga mahali pake matita ya matawi ya miti, gari likaburuzwa chini mpaka bondeni. Hiyo ilikuwa breki ya tela ya siku zile, nayo si mbaya, ila huwezi kuitumia mara mbili bila kukata matawi mengine.

Katika nchi yetu jambo hilo lilijaribiwa likashindikana, wala si kwa ajili ya milima. Mwaka wa 1876 mmisionari mmoja, Roger Price wa London Missionary Society, alitoka Saadani akaenda hata Mpwapwa pamoja na ng'ombe, akaona njia yapitika. Mwaka uliofuata magari yakaletwa. Ng'ombe wakafa njiani kwa ugonjwa wa mbung'o. Kwa hiyo mizigo ya bara ikaendelea kupita juu ya vichwa na mabega ya wapagazi, frasila mbili hivi kwa kila mtu; na frasila moja ni ratili 35, yaani kama kilo 16. Ndiyo sababu tela lilichelewa kuja kwetu. Lilipokuja lilikuja na motakaa.

Sasa twende Ireland, kwenye mji wa Armagh, tarehe 12 Juni, 1889. Habari hii ni ya gari la moshi, si ya vani, lakini behewa ni nini ila tela linalokwenda juu ya reli? Sikilizeni polepole.

Siku hiyo watoto wa shule ya Jumapili ya kanisa la Wamethodisti, pamoja na wazazi na walimu wao, walipanda gari la moshi kwenda kutembea pwani, mahali paitwapo Warrenpoint. Watu walikuwa kama 940. Mabehewa yalikuwa 15, na injini moja tu. Milango ya mabehewa ilifungwa kwa ufunguo, ili watu wasio na tikiti wasiingie. Kutoka Armagh njia yapanda mlima. Injini ikapanda, ikapanda, na karibu na kilele ikashindwa, ikasimama.

Wakubwa wa safari wakafanya shauri. Injini haiwezi mabehewa 15, basi tuyakate. Ichukue matano ya mbele, iyafikishe kwenye stesheni iliyo mbele, kisha irudi kuchukua kumi yaliyobaki. Shauri hilo lasikika kama la akili. Lakini fikirini habari ya breki. Gari hilo lilikuwa na breki zilizofanya kazi kwa nguvu iliyotoka kwenye injini na kupita katika bomba kutoka behewa hata behewa. Bomba likiwa zima, breki zapo. Bomba likikatwa, breki hazipo. Basi walipoyatenga yale mabehewa kumi, waliyatenga na breki zake. Ikabaki breki moja ya mkono katika behewa la mwisho, nayo haikuweza kuzuia uzito wa mabehewa kumi yaliyojaa watu katika mteremko.

Wakatafuta mawe, wakayatia chini ya magurudumu. Ninyi mnaopita barabara zetu mwajua mawe hayo. Mmeyaona yakiwa yameachwa katikati ya lami baada ya lori bovu kuondoka. Wakati huo yalitosha. Lakini injini ilipotaka kuondoka na mabehewa yake matano, ilirudi nyuma kidogo kwanza, ikayagusa yale kumi. Ilikuwa mguso mdogo tu. Mawe yakapondeka. Mabehewa kumi yakaanza kurudi chini, polepole kwanza, watu wakiyakimbilia wakitupa mawe mengine, kisha kwa mwendo ambao mtu hawezi kuukimbilia.

Nyuma yao, katika njia ile ile, lilikuwa likipanda gari jingine la abiria lililoondoka Armagh dakika 20 baada yao. Mabehewa yaliyaacha mawe yale kwa zaidi ya kilomita mbili, yakaligonga. Walikufa watu wapatao 80, na miongoni mwao walikuwamo watoto. Milango, kama nilivyosema, ilikuwa imefungwa.

Sasa hapa pana jambo ambalo mimi naliona zito kuliko ajali yenyewe. Breki iliyo bora ilikuwa imekwisha kutengenezwa! Mmarekani George Westinghouse alitengeneza breki ya upepo mwaka wa 1869, na mwaka wa 1872 akaigeuza iwe ya namna mpya. Katika breki ile mpya, upepo uliomo ndani ya bomba hauzifungi breki. Bali huzizuia zisifunge. Kila behewa lina tangi lake dogo la upepo. Bomba likiwa limejaa, breki huachia. Dereva akipunguza upepo wa bomba, matangi husukuma breki zikashika. Na bomba likikatika kwa bahati mbaya, upepo hutoka wote, na kila behewa hujifunga lenyewe. Je, mmeelewa tofauti yake? Katika breki ya Armagh, kitu kikikatika gari huwa huru. Katika breki ya Westinghouse, kitu kikikatika gari husimama. Kampuni nyingi za reli hazikutaka kuinunua breki ya namna hiyo kwa sababu ya gharama. Baada ya Armagh Bunge la Uingereza halikungoja tena. Mwaka ule ule wa 1889 sheria ilipitishwa, kila gari la abiria likalazimishwa kuwa na breki zinazojifunga zenyewe.

Fikra hiyo ndiyo iliyomo katika malori makubwa ya siku hizi. Dereva husema, "Upepo umekwisha, gari halitoki." Bomba la upepo liendalo kwenye tela likichomoka, breki za tela hushika. Hata matela madogo yenye breki, yale yanayovutwa na vani, mara nyingi huwa na waya mwembamba uliofungwa kwenye gari la mbele. Tela likichomoka, waya huo huvuta breki kwanza, kisha hukatika. Ukimwona mtu amekata waya huo kwa kuwa "unasumbua", mwambie habari za Armagh.

Sasa tuje kwenye motakaa. Katika mji wa Detroit, huko Marekani, alikuwapo mhunzi mmoja aliyeitwa August Fruehauf. Kazi yake ilikuwa kupiga viatu vya farasi na kuunda magari ya farasi. Mwaka wa 1914 tajiri mmoja wa mbao, Frederic Sibley, alimjia na haja yake. Sibley alikuwa na mashua aliyotaka kuipeleka ziwani kaskazini, naye alikuwa na motakaa ya Ford, ile iliyoitwa Model T. Alitaka mashua ivutwe na motakaa. Fruehauf akaunda gari la magurudumu mawili lenye mti wa kuliunga na motakaa, mashua ikafika. Sibley akafurahi, akataka mengine kama hayo kwa ajili ya kuchukulia mbao zake. Hivyo yule mhunzi akaiacha kazi ya viatu vya farasi, na mwaka wa 1918 akaanzisha kampuni ya matela iliyokuja kuwa kubwa sana katika nchi ile.

Kwa nini jambo hilo lilifaulu? Kwa sababu ambayo kila mwenye punda aijua. Mnyama aweza kuvuta mzigo mkubwa kuliko ule awezao kubeba mgongoni. Ndivyo ilivyo kwa injini. Ile Ford ilikuwa na nguvu za farasi 20 tu, lakini ilivuta. Breki zake je? Hazikuwa na shughuli yo yote na magurudumu ya mbele. Zilishika kwenye gia na kwenye magurudumu ya nyuma. Kwa hiyo gari jepesi lilivuta mzigo mzito kwa injini ndogo, na kuusimamisha kwa breki ndogo zaidi. Mwendo wa siku zile ulikuwa mdogo na magari yalikuwa machache, hiyo ndiyo iliyowaponya.

Mwendo ulipoongezeka, ubaya wa pili ulijionyesha, nao si wa breki. Ni wa kuyumba.

Mwaka wa 1945, vita vya pili vya dunia vilipokwisha, Leonard Shoen na mkewe Anna Mary walianzisha huko Marekani biashara ya kukodisha matela, ikaitwa U-Haul. Mtu aliyehama mji aliweza kukodi tela hapa na kuliacha kule aendako. Ni biashara nzuri, lakini fikirini wateja wake ni nani. Ni watu ambao hawajapata kuvuta tela maishani mwao, wamepakia vitanda na makabati yao wenyewe, kisha wakaingia barabara kuu. Matela ya kampuni hiyo huchorwa mstari ubavuni, na maneno ya kumwagiza mteja aweke mzigo mzito mbele: sehemu 60 katika kila 100 ziwe mbele ya mstari. Mstari ule ni mvuta mkokoteni aliyechorwa kwa rangi.

Kwa nini mbele? Chukueni mshale. Chuma chake kiko mbele, manyoya yako nyuma. Ukiurusha hivyo, hujinyosha wenyewe. Ukiurusha kinyumenyume, hugeuka hewani. Tela lenye uzito mbele ya magurudumu yake, likisukumwa na upepo au na basi linalopita, huyumba kidogo kisha hurudi nyuma ya gari. Tela lenye uzito nyuma ya magurudumu likianza kuyumba huongeza. Mkia huenda kushoto, kisha kulia, kila mara zaidi, na huitikisa vani mpaka dereva hawezi kuishika. Tena uzito wa nyuma huinua mkono wa tela, nao mkono huinua mgongo wa vani, na magurudumu ya nyuma ya vani huikanyaga barabara kwa wepesi wakati yanapohitajiwa sana.

Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza, walilipima jambo hili kwa matela ya kulala, yale ambayo Wazungu huyafanya nyumba wakati wa mapumziko. Waliona kwamba yako mambo makubwa machache: uzito unaokaa juu ya kiungo, mwendo wa gari, na mahali mzigo ulipo ndani ya tela. Hilo la mwisho watu wengi hulisahau. Fikirini mtu wa kuuza maji abebaye mzega, ndoo moja mbele na moja nyuma. Mizani yake ni sawasawa. Lakini akitaka kugeuka kwenye kona, ndoo zake hazitaki kugeuka. Na zikisha kugeuka, hazitaki kusimama. Ndivyo lilivyo tela lililotiwa mashine ya kusaga mbele kabisa na mifuko ya saruji nyuma kabisa. Ukilipima waweza kuliona liko sawa, lakini barabarani litafanya kama mzega. Vitu vizito vikae chini, karibu na magurudumu, vielekee mbele kidogo. Vyepesi, kama magodoro na vikapu, ndivyo viende pembeni na juu. Kisha vyote vifungwe kwa kamba, maana mzigo usiofungwa hujipanga upya wenyewe kwenye kona ya kwanza.

Kiasi gani cha uzito kikae juu ya kiungo? Hapo Wamarekani na Waingereza hawapatani. Waingereza hushauri kilo 5 hata 7 kwa kila kilo 100 za tela. Wamarekani hushauri 10 hata 15. Msishangae. Wamarekani wana magari mazito ya kuvutia yenye viungo vya nguvu. Magari ya Ulaya ni madogo, na watengenezaji wake huweka kikomo cha chini. Neno la kufuata ni lile lililoandikwa na mtengenezaji wa gari lako, nalo husomwa katika kitabu cha gari au katika kibati kilicho kwenye kiungo. Hii ni faida mojawapo ya kujua kusoma na hesabu, ingawa wako wengi waliosoma sana wasiokitazama kibati hicho.

Vani yenyewe ina tabia yake. Magari ya namna hii yalienea duniani baada ya Wajerumani kuanza kutengeneza Volkswagen Transporter mwaka wa 1950, na Waingereza kuitoa Ford Transit mwaka wa 1965. Yana mwili mrefu unaopita nyuma ya magurudumu ya nyuma. Sehemu hiyo inayopita ni kama mtaimbo wa kung'olea jiwe. Tufanye hesabu. Tuseme toka magurudumu ya mbele hata ya nyuma ni mita 3, na toka magurudumu ya nyuma hata kiungo ni mita 1. Tela likikandamiza kiungo kwa kilo 120, magurudumu ya mbele hupunguziwa kilo 40, na ya nyuma huongezewa 160. Mwalimu awaonyeshe kwa ubao juu ya jiwe. Kumbe basi uzito mwingi mno mbele nao ni mbaya: usukani huwa mwepesi, na taa usiku huwamulika ndege. Na kama mwenye vani amekwisha kujaza mizigo ndani ya vani yenyewe, uzito huo wa kiungo huongezeka juu yake. Watu huhesabu mzigo wa vani peke yake na mzigo wa tela peke yake, wakasahau kwamba kiungo kimo katika hesabu zote mbili.

Neno moja dogo juu ya kiungo. Tela dogo huungwa kwa tufe la chuma. Matufe ya Ulaya yana upana wa milimita 50. Ya Marekani ni ya inchi 2, yaani milimita 50.8, na yako pia madogo ya inchi moja na sehemu saba za nane, ambayo ni kama milimita 47 na nusu. Kwa macho yote yafanana. Kikombe cha inchi 2 hufungika vizuri juu ya tufe dogo, nawe wasikia mlio wa kufunga, ukaridhika. Kisha kwenye tuta la kwanza hutoka. Katika nchi kama zetu, ambapo magari huja kutoka kila upande wa dunia na mafundi huunga cho chote walicho nacho, afadhali kupima. Na kwa siku ambayo kipimo kimedanganya, mnyororo. Wamarekani hufunga minyororo miwili, wakaipishanisha chini ya mkono wa tela, ili ukianguka udakwe usichimbe barabara.

Sasa turudi kwetu, maana sehemu hii ni yetu kabisa.

Tarehe 11 Novemba, 1965, masetla wa Rhodesia ya Kusini, nchi ambayo sasa ni Zimbabwe, walijitangazia uhuru wao peke yao. Uingereza ikaizuilia Rhodesia mafuta. Zambia, iliyokuwa imepata uhuru mwaka mmoja tu kabla yake, ilikuwa ikipata mafuta yake kwa njia ya Rhodesia. Na mwezi wa Desemba Rhodesia ikayakata. Nchi ya Zambia isiyo na bahari ikabaki na migodi yake ya shaba, bila mafuta. Ndege za Uingereza, Marekani na Kanada zikabeba mapipa ya mafuta, mengine yakitoka Dar es Salaam. Lakini ndege hula mafuta mengi ili kuyafikisha machache. Ilibaki barabara.

Barabara ile, toka Dar es Salaam kupita Morogoro, Iringa na Mbeya hata Tunduma, na kutoka hapo kuingia Zambia, sehemu yake kubwa ilikuwa ya udongo. Wakati wa kiangazi ni vumbi ambalo dereva haoni gari lililo mbele. Wakati wa masika ni tope. Malori ya kila namna yaliingia, mapya na mabovu, madereva wazoefu na watu walioshika usukani juzi. Wengi hawakurudi. Magazeti ya Kiingereza yaliipa njia hiyo jina lenye maana ya njia ya jehanamu. Mwaka wa 1966 serikali za Tanzania na Zambia, pamoja na kampuni ya Kiitaliano, ziliunda kampuni ya Zambia-Tanzania Road Services, yenye malori ya Fiat na matela yake.

Kwenda, malori yalibeba mafuta. Kurudi, yalibeba shaba mpaka bandarini. Hapo pana somo la mzigo ambalo sijaona lililo zuri kupita hilo. Mita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa tani moja. Mita moja ya ujazo ya shaba ina uzito wa karibu tani tisa. Rundo la shaba lisilofika kiunoni mwa mtu hulijaza lori uzito wake wote, na mpita njia hudhani lori ni tupu. Jicho lililozoea pamba na mahindi hudanganyika. Na shaba hiyo ilisafiri kuelekea baharini, yaani toka nyanda za juu kushuka chini, ikapitia Kitonga.

Ninyi mnaokaa Iringa na Morogoro hamna haja ya kuelezwa Kitonga. Wengine mjue kwamba ni mlima ambapo barabara yashuka kwa kona juu ya kona, ukuta wa mawe upande mmoja na bonde upande wa pili. Dereva ashukaye na tela hapo ana adui wawili. Wa kwanza ni moto. Breki hufanya kazi kwa kugeuza mwendo kuwa moto. Ukizikanyaga bila kuachia hupata joto hata zikaacha kushika. Mwendo ukizidishwa mara mbili, kazi ya breki huwa mara nne. Ndiyo sababu madereva wazee hufundisha kwamba mlima unashukwa kwa gia ile ile ambayo ungeipandia: injini ndiyo izuie, breki isaidie tu. Lakini yuko dereva atoaye gia kabisa, gari likateleza bure, ili abakize mafuta kidogo ya kuuza. Huyo amerudi kwenye gari la Makaburu, ila hana hata matawi.

Adui wa pili ni tela lenyewe. Gari la mbele likifunga breki kwenye kona, na tela halikufunga, tela huendelea kusukuma. Halina njia ya kwenda mbele, basi huenda pembeni, na gari na tela hukunjana kama kisu cha kukunja. Vani yenye tela dogo lisilo na breki hukunjwa vivyo hivyo. Kwa sababu hiyo katika Ulaya tela lisilo na breki haliruhusiwi kupita kilo 750, na Waingereza wameongeza kwamba lisipite nusu ya uzito wa gari linalolivuta. Likianza kuyumba katika njia iliyonyoka, dereva asikanyage breki kwa nguvu wala asiongeze mafuta. Auachie mguu wa mafuta, aushike usukani sawasawa, mwendo upungue wenyewe.

Mwaka wa 1968 bomba la mafuta toka Dar es Salaam hata Ndola lilikwisha, kilomita 1,710, na mapipa yakaondoka barabarani. Reli ya TAZARA, iliyoanza kujengwa mwaka wa 1970 kwa msaada wa China, ilikabidhiwa mwaka wa 1976. Barabara nayo ikatiwa lami. Watu walidhani malori yatapungua. Hayakupungua, leo foleni yake hufika mbali pale Tunduma. Na lami, ambayo iliondoa tope, ilileta mwendo. Tarehe 30 Juni, 2023, kwenye njia panda ya Londiani nchini Kenya, lori lililobeba kontena lilitoka barabarani likaingia katika magari na watu waliokuwa wakifanya biashara kando ya njia. Walikufa zaidi ya 50. Wengi wao hawakuwa na shughuli yo yote na lori lile. Walikuwa wakiuza bidhaa zao.

Basi wanafunzi, andikeni hesabu hii, mwalimu atawasahihishia. Tela pamoja na mzigo wake lina kilo 900. Tunataka kilo 7 katika kila 100 zikae juu ya kiungo. Ni kilo ngapi? Kibati cha kiungo chasema mwisho ni kilo 75. Je, yafaa? Kisha mwenye tela aongeza mifuko miwili ya saruji, kila mmoja wa kilo 50, naye aiweka mbele kabisa, juu ya mkono wa tela, kwa kuwa ndipo palipo na nafasi. Chukueni kwamba uzito wote wa mifuko hiyo umekaa juu ya kiungo. Kiungo sasa kina kilo ngapi, nanyi mngemshauri aiweke wapi?

Kwaherini mpaka kipindi kijacho.